Soksi za Ndege ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu Kaimenyi ni mtu wa Meru, na nchi ya Meru imejaliwa chai, migomba, mvua na watu wenye sauti kubwa. Imejaliwa kila kitu isipokuwa mahali tambarare. Kwa hiyo alipopata wazo la kuunda ndege kwa mikono yake mwenyewe, wazo ambalo wanaume wengine hupona wakipewa chakula na usingizi wa kutosha, alikuja kuiundia kwangu, Ishiara, katika shamba ambalo marehemu mume wangu alikuwa akipanda mtama. Sikuulizwa. Niliarifiwa. Binti yangu Gladwell, ambaye ndiye mke wa huyo Kaimenyi, alinieleza kwamba shamba lenyewe halikuwa likizaa sana. Ni kweli. Sasa linazaa ndege.

Sina nia ya kumsema vibaya. Kaimenyi ni kijana mwenye bidii, ingawa ujana wake umeanza kumwacha kuanzia utosini. Siku za wiki hutengeneza pampu za maji katika karakana yake huko Majengo, mjini Meru. Ijumaa huteremka Ishiara na kulala katika chumba alichokipanga sokoni, kwa sababu mila zetu hazimruhusu mkwe kulala katika boma la mama mkwe wake. Ndege, ambayo haina mama mkwe, ililala katika banda langu la ng'ombe. Ng'ombe walilala nje, wakaambiwa wavumilie kwa ajili ya maendeleo.

Kwa ajili ya wasomaji waliolelewa mijini, ni lazima niieleze mila yenyewe. Kwetu Mbeere, na kwao Meru vilevile, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kutengana. Hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Kaimenyi akinikuta njiani hunipisha hadi kichakani, nami hutazama upande wa pili kana kwamba kuna jambo la maana linalotokea huko. Huo ndio uthoni. Vijana husema umepitwa na wakati. Mimi huuona kuwa ni mpango bora kuliko yote ambayo binadamu wamewahi kuibuni kwa ajili ya amani ya familia, na ningependa upanuliwe uwahusu pia wanasiasa.

Ndege ilikuwa na viti viwili vilivyobanana bega kwa bega, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa kigumu, na injini iliyotolewa katika gari lililopinduka. Sikuona kwamba historia ya injini hiyo ilimsumbua mtu yeyote. Kilichoiongoza ni nyaya. Kutoka kwenye fimbo mbili zilizounganishwa, moja mbele ya kila kiti, nyaya nyembamba za chuma kilichosokotwa zilipita chini, zikapinda juu ya magurudumu madogo ya kapi nyuma ya viti, zikaenda hadi mkiani. Rubani akiivuta fimbo, waya hulivuta bapa la mkia, na pua ya ndege huinuka. Waya ukikatika, pua hufanya itakavyo. Gladwell alinieleza haya yote kwa furaha, kama msichana anayemweleza mama yake mipango ya harusi.

Mkaguzi wa serikali alikuja mara moja. Alizunguka, akagonga hapa na pale, akaruhusu majaribio ya chini: ndege ikimbie shambani, iruke kidogo kama kuku aliyeshtuliwa, kisha itue. Kabla ya kuondoka alionya kwamba vumbi la Ishiara lingezila nyaya zile, kwa hiyo zifutwe na kukaguliwa kila mara.

Yeyote aliyewahi kukaribishwa sebuleni kwetu anajua kilichofuata. Katika nchi hii, kitu kinachoweza kuharibiwa na vumbi hakifutwi. Hufunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Tumeyafunika makochi, migongo yake na mikono yake. Tumeifunika redio, televisheni, jagi la maji na kitambaa kinacholifunika jagi la maji. Gladwell alichukua kulabu yake na sufu ya rangi ya damu ya mzee na manjano, akaufumia kila waya vazi jembamba refu kutoka kitini hadi mkiani, akaziita soksi. Kaimenyi alizipaka nyaya grisi nyingi, kisha wakazivisha soksi hizo, na Gladwell akazishonea mwisho kwa mwisho zisivuke. Vumbi, ambalo hapo awali lilikuwa likipita tu, sasa lilipata makao, godoro na mafuta ya kujipaka. Wote wawili walisimama wakaitazama kazi yao, wakaona kwamba ni nzuri sana.

Baada ya muda soksi moja ikatoboka nyuma ya kiti cha abiria, mahali hasa ambapo waya hupinda juu ya kapi. Gladwell aliishona. Ikatoboka palepale. Akaishona tena.

"Ni panya," Kaimenyi aliamua.

Ijumaa iliyofuata aliteremka na paka kutoka Majengo, dume kubwa la rangi ya majivu, lililolelewa katika bucha kwa maini na mapafu ya mbuzi. Walimpa jina la Inspekta. Inspekta aliwachunguza panya wa Ishiara, akaona ni watu wa hadhi ya chini, akalala juu ya bawa. Soksi ikatoboka tena.

Hapo ndipo Gladwell aliponiletea kipande cha soksi alichokikata kuzunguka lile tundu, siku ya Alhamisi, nimtafutie sufu inayofanana nayo. Yeye hufundisha watoto wa chekechea sokoni, na siku za wiki hulala kwangu. Niliingiza kidole ndani ya kipande hicho nilipime tundu, nikachomwa. Nilikitoa kidole kina damu. Katikati ya sufu palikuwa na unyoya wa chuma, mfupi, uliopinda kama kope.

"Gladwell," nilisema, "panya wenu ana meno ya chuma."

"Mama, hiyo ni sindano imevunjika humo."

"Unafuma kwa kulabu. Sindano imetoka wapi?"

Aliugeuza ule unyoya mwangani. Mtoto wangu si mjinga. Ameolewa tu.

"Ni kauzi kamoja," alisema hatimaye. "Waya umesokotwa kwa nyuzi nyingi, Mama. Zikikatika moja mbili, zilizobaki zinashika."

"Na hizo zilizobaki, nani amezihesabu? Inspekta?"

"Mama!"

"Mwambie mumeo auvue waya huo soksi autazame."

"Mwambie wewe." Kisha akakumbuka kwamba siwezi, akacheka hadi akaketi. "Pole. Lakini kweli, sikiliza. Jumamosi watu wa kwao wanakuja, ukoo mzima. Mkaguzi ameshatuma kibali cha kuruka hadi juu ya soko na kurudi. Kinoti, kaka yake Kaimenyi, ameshatangaza kwa kila mtu. Nikianza leo kusema nyaya, nyaya, mume wangu atadhani nimeogopa kupanda."

"Umeogopa?"

"Sijaogopa."

"Basi nitaogopa mimi kwa niaba yako. Nina nafasi."

Sikuwa nikitania. Nina mtoto mmoja tu. Nilimpata wakati majirani walikuwa wameshaacha kuniombea, na sikumlea ili akaning'inie juu ya soko la Ishiara kwa kitu kinachoshikiliwa na sufu. Ilinibidi nihakikishe kwamba waya huo unabadilishwa kabla ya Jumamosi, na mtu pekee aliyeweza kuubadilisha ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuruhusiwa kumsemesha.

Ijumaa alasiri nilikwenda bandani. Nilisimama nje, ukuta ukiwa kati yetu kama inavyopasa. Miguu ya Kaimenyi ilionekana ikichomoza chini ya ndege. Inspekta alikuwa ameketi mlangoni akijilamba.

"Inspekta," nilimwambia paka, "hujambo? Ninasikia humo ndani kuna waya umeota ndevu."

Spana ilinyamaza.

"Inspekta," ikajibu sauti kutoka chini ya ndege, kwa heshima kubwa, "mwambie mgeni wetu waya huo niliununua ukiwa mpya kabisa."

"Inspekta, hata mimi niliwahi kuwa mpya kabisa."

"Mwambie ulikuwa umelegea kidogo tu, nimeukaza kwa skurubu. Sasa ukiugusa unalia kama gitaa."

"Inspekta, mpiga gitaa akikatikiwa na uzi huendelea kuimba. Muulize fundi, yeye akiwa huko juu ataendelea na nini?"

Paka alihamia sikio la pili.

"Na muulize kama ameutazama kwa macho," niliendelea.

"Inspekta, mwambie Mama nimeupapasa wote kwa mkono. Ni laini."

"Juu ya soksi au chini ya soksi?"

Mguu mmoja uliukuna mwenzake.

"Soksi zimeshonewa, Inspekta. Nikizikata Gladwell atalia."

Nimewahi kutibiwa na daktari aliyenipima mapafu juu ya sweta na koti, kwa hiyo mbinu hiyo haikuwa ngeni kwangu. Daktari huyo alisema nina malaria. Nilikuwa nimevunjika mbavu.

"Inspekta, kuna nyaya nyingine madukani?"

"Ziko Nairobi. Lakini kesho ni kesho, wageni wameshakodi gari."

"Wageni wa Meru wanajua kula. Tutawapa chakula, watarudi kwao salama, na ndege itaruka siku nyingine."

Miguu ile ilijivuta ndani, na sauti ilipotoka tena haikuwa na mzaha.

"Inspekta, mwambie Mama hivi. Kinoti ni kaka yangu mkubwa. Alinicheka mbele ya baba yetu. Alisema sikuoa mke, nilioa shamba la mtama. Alisema hii si ndege, ni toroli yenye mabawa. Kesho atasimama hapo, na ni lazima iruke akiitazama. Baada ya hapo nitabadilisha nyaya zote, hata zile ambazo hazina neno."

Inspekta alipiga miayo, akaondoka. Huo ukawa mwisho wa mazungumzo, kwa maana hatukuwa na mkalimani mwingine.

Usifikiri sikuelewa. Nilielewa vizuri mno. Mwanamume atahatarisha shingo yake ili kaka yake afumbe mdomo, na ya mkewe ataiongeza juu kama nyongeza ya sukari. Nilimwomba Ngari, ndugu wa marehemu mume wangu na mzee wa kanisa letu, aseme naye mwanamume kwa mwanamume. Ngari alikwenda, akaoneshwa injini, akaruhusiwa kuketi kitini na kushika fimbo, akarudi akiwa ameongoka.

"Mama Gladwell," aliniambia, macho yakimng'aa, "kijana anajua kazi. Umeziona zile soksi?"

Jumamosi walifika. Watu wa Meru hawafiki kimyakimya. Gari lilisimama shambani, wakateremka wanawake waliovaa kana kwamba ni harusi, wazee wenye kofia, na mbele yao Kinoti, mwenye tumbo, miwani ya jua, na miraa ya kwao shavuni. Njiani alikuwa ameonja muguka, miraa ya kwetu Mbeere, akaitangaza kuwa majani ya mbuzi.

"Kaimenyi!" alinguruma. "Toroli imepakwa rangi! Hongera!"

"Karibu, kaka."

"Na hizi nguo za ndani ni za nini?" Alikuwa amechungulia nyuma ya viti. "Ndege inasikia baridi ya miguu?"

"Ni za kuzuia vumbi," Gladwell alisema.

"Shemeji, ungeifumia na kofia basi, masikio yasije yakaganda huko juu!"

Wote walicheka. Kaimenyi alicheka pia, kwa meno tu. Gladwell alikuwa amevaa helmeti ya pikipiki na koti la mumewe, amesimama kando ya bawa, mzuri hadi nikashindwa kumtazama. Soksi iliyokuwa na tundu ilikuwa imetiwa kiraka kipya.

Kaimenyi alimwomba Ngari aibariki safari. Sijui kama wasomaji wanamfahamu Ngari. Maombi yake huanzia mahali mlipo, hupanda hadi serikalini, huvuka bahari, huwatembelea wagonjwa wa mabara yote, hutua Israeli na kukaa huko, ndipo hurejea polepole kupitia njia nyingine. Watu wote hufumba macho na kuinamisha vichwa, na wenye busara huegemea kitu.

Alipokuwa bado serikalini nilivua viatu. Alipovuka bahari nilikuwa nimeweka goti juu ya bawa. Mwili wangu si mwepesi, lakini maombi ya Ngari yangemtosha hata ng'ombe kupanda mti. Alipotua Israeli nilikuwa nimeshaingia, nimekipata kiti cha abiria, nimekiondoa kitambaa kilichofunika mgongo wake, nimeketi, na nimejifunga mkanda. Nilikuwa na muda wa kutosha hata wa kutubu, lakini sikuona la kutubia.

"Amina," alisema Ngari.

Watu walifumbua macho. Kisha bibi mmoja wa Meru akajifunika uso kwa khanga, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

"Mama!" Gladwell alipiga kelele. "Hicho ni kiti changu!"

"Ninakipasha moto."

"Mama Gladwell," Ngari alisema, akijaribu kutabasamu, "shuka, dada. Hicho ni kiti cha mke wa mtu. Kiko bega kwa bega na cha mkweo."

"Ninaona. Kimebana kweli."

Kinoti ndiye aliyeelewa kwanza. Aliitoa miwani yake. "Kaimenyi, ingia basi! Abiria yuko tayari!" Alianza kucheka hadi miraa ikamtoka mdomoni. "Ingia, ndugu yangu! Mkae mbanane! Mguu wako hapa, wa mama mkwe hapo!"

"Hawezi kuingia," alisema yule bibi kutoka ndani ya khanga. "Hata asithubutu."

"Si mambo ya zamani hayo?" mmoja wa wapwa wa Kaimenyi aliuliza, na wanawake wanne wakamgeukia kwa pamoja, akasema alikuwa akiuliza tu.

Kaimenyi alikuwa amerudi nyuma kwa adabu hadi kwenye ncha ya bawa, akitazama mtama wa jirani. Hakuweza kuniamuru. Hakuweza kunishika mkono anitoe. Hakuweza kuketi kando yangu. Serikali nzima, pamoja na mkaguzi wake, isingeweza kuizuia ndege ile kwa uimara kama mila ile ilivyoizuia.

"Ngari," alisema kwa sauti ndogo, "mwombe Mama ashuke."

"Ngari," nikasema, "mwombe fundi akate soksi."

"Akishuka nitazikata."

"Akizikata nitashuka."

Ngari alitazama huku na huku kama mtu anayefuata mchezo wa mpira.

"Mama, unaniaibisha," Gladwell alisema. Machozi yalikuwa karibu. "Mbele ya wakwe zangu wote."

"Najua, mwanangu. Utapona."

"Lakini ni nini hasa unachotaka?"

"Nataka waya ulio nyuma ya mgongo wangu utazamwe ukiwa uchi. Ukiwa mzima nitaomba radhi, nitashuka, nitawapikia wote, na mtaruka hata mkafike Mombasa."

"Ni mzima!" alisema Kaimenyi, akiuambia ule mtama.

"Basi utavumilia kuvutwa."

Mbele yangu ilisimama fimbo. Niliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwona Kaimenyi akifanya hivyo mara nyingi, kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua kikombe cha chai. Mimi niliivuta kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kule nyuma bapa la mkia liliinuka, na watu wa Meru wakasema "Ooo!" kwa mshangao. Kinoti alipiga makofi.

"Rubani huyo!"

Niliiachia, nikaivuta tena. Bapa likainuka tena. Kaimenyi alifungua mdomo ili aseme, bila shaka, kwamba ameshawaambia.

Nikaivuta mara nyingine.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kijiti kinachovunjwa na mtu aliye mbali. Fimbo ilinijia tumboni bila uzito wowote, mkono wangu ukagonga kifua changu mwenyewe, na kule mkiani bapa likaanguka na kuning'inia kama mkono wa mtu aliyelala.

Gladwell alilitazama bapa lile, kisha akatazama juu, angani, upande wa soko, mahali ambapo kwa wakati huo angekuwa yeye.

Kaimenyi alikuja mbio. Alisahau uthoni, alisahau kichaka, alipitisha mkono wake nyuma ya kiti changu akiwa na kisu na kuipasua soksi kutoka juu hadi chini. Sufu ilikuwa imeingia katika gurudumu la kapi, ikachanganyika na grisi na vumbi, ikaliganda. Gurudumu halikuwa limezunguka kwa muda mrefu. Kila alipokuwa akiivuta fimbo, waya ulikuwa ukijisugua juu yake kama msumeno.

Aliutoa mwisho wa waya, akaushika kiganjani. Ulikuwa umetawanyika kama brashi ya kupakia rangi. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika zamani, ncha zake nyeusi kwa kutu. Chache sana, pembeni, ziling'aa. Hizo ndizo nilizozikata mimi. Hizo ndizo pekee zilizokuwa zikifanya kazi.

Alikwenda akamwonyesha Gladwell. Gladwell alivua helmeti, akaketi chini mavumbini na koti la watu.

Ndipo Kinoti alipopata sauti yake. "Jamani," alisema, "mama mkwe ameivunja ndege!"

Na hivyo ndivyo habari hii inavyosimuliwa Meru hadi leo: kwamba Kaimenyi aliunda ndege nzuri sana, na mama mkwe wake wa Mbeere, mwanamke mzito mwenye roho mbaya, akaipanda na kuivunja. Nimesikia kwamba katika masimulizi ya Kinoti nilitumia shoka. Sina pingamizi.

Ngari alirejewa na uzee wake. Aliwakusanya wazee wa pande zote mbili kando ya gari, wakanong'ona, akarudi akiwa amekunja uso.

"Mama Gladwell, umeketi kando ya kiti cha mkweo. Mkono wake umepita mgongoni mwako. Haya ni mambo mazito. Mbuzi wa kusafisha kosa lazima atoke."

"Atoke," nilisema. "Yule mweupe. Wageni wana njaa."

Watu walianza kutawanyika, wengine kuelekea jikoni, wengine kumfuata mbuzi. Nilikuwa nikitafuta njia ya kuufungua mkanda, ambao ulikuwa umenishika kuliko nilivyotarajia, kivuli kiliponiangukia. Kaimenyi alikuwa amesimama kando ya bawa. Alinitazama usoni. Sikujua, kwa miaka yote hiyo, kwamba ana macho ya rangi ya kahawia.

"Mama," alisema.

Hakumwambia Ngari. Hakumwambia paka.

"Naam."

"Usishuke kwanza. Chini ya miguu yako kuna pedali mbili. Kila moja ina waya wake hadi mkiani."

"Zimevaa soksi?"

"Zimevaa."

Ngari alikuwa amesikia. Alirudi mbio, mikono hewani. "Kaimenyi! Unasema na mama mkwe wako ana kwa ana? Mama Gladwell, shuka, tafadhali, hili ni kosa juu ya kosa!"

"Mbuzi bado hajachinjwa, Ngari," nilisema. "Kosa ni lile lile, halijaisha. Liache limalizike."

Kaimenyi alikuwa ameshalala chali chini ya mkia na kisu chake. Nilisikia sufu ikipasuka, mshono kwa mshono, na Gladwell hakulia. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameshika kitambaa kile kilichokuwa kimefunika mgongo wa kiti, anakipitisha polepole juu ya waya mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ngoja," alisema. "Hapa kimenasa."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa tena."

Kisu kiliwekwa chini mavumbini.

"Mama," ikasema sauti ya Kaimenyi, "kanyaga ya kulia. Kwa nguvu. Usiionee huruma."

Nikauegemeza mgongo kitini, nikakanyaga kwa nia ya kuvunja.